Mama Isabella na Saa za Mapumziko

"Watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi." (Zaburi 92:14)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Aya hii imenikumbusha Isabella Leonarda, mtunzi wa muziki na mtawa Mwursula (wa shirika la Mtakatifu Ursula) wa Novara, kaskazini mwa Italia. Alizaliwa 1620, akaingia utawani akiwa binti wa miaka 16, akaishi humo hadi alipofariki 1704. Nyimbo zake mbili zilichapwa mapema, mwaka 1640. Lakini vitabu vyake vya muziki karibu vyote vilitoka alipokwisha kupita miaka 50, na katika miaka hiyo hiyo alikabidhiwa pia uongozi wa nyumba. Aliyewahi kuishi kwenye jumuiya anajua mama mkuu halali mapema.

Atunge saa ngapi, basi? Mwenyewe aliandika kwamba hakugusa saa za majukumu yake. Alitunga katika muda aliopewa apumzike. Maneno hayo yamenishika wiki nzima. Saa za wajibu tunampa Mungu, tena wakati mwingine kwa kunung'unika. Saa za kupumzika tunaziita zetu. Sisemi tusipumzike, maana Bwana mwenyewe aliwaambia mitume, "mkapumzike kidogo" (Marko 6:31). Ila naamini kwa Mama Isabella kutunga ndiko kulikokuwa kupumzika. Alikaa mbele za Mungu na kalamu mkononi.

Matunda yake ni tungo zipatazo 200: misa, moteti (nyimbo takatifu za Kilatini), zaburi za Masifu ya Jioni. Mwaka 1693, akiwa na miaka zaidi ya 70, alichapisha sonata 12 za ala bila sauti za waimbaji, jambo ambalo hatujui mwanamke mwingine aliyelifanya kabla yake. Isikilizeni ile ya kumi na mbili. Ni fidla moja tu, chini yake kinanda. Inaanza taratibu kama mtu anayesali peke yake, kisha inachangamka, inatulia, inachangamka tena. Kitabu chake cha ishirini kilitoka mwaka 1700.

Vitabu hivyo alivitabaruku kwa wakubwa wa dunia, na papo hapo kwa Bikira Maria. Alisema hatafuti sifa za watu. Alitaka ijulikane tu kwamba anampenda Mama wa Mungu.

Wiki hii tuwaombee walimu wetu wa kwaya wanaoandika noti usiku baada ya kazi, na masista wazee ambao bado wanaimba. Ee Bwana, uzipokee saa zao. Amina.