Jumanne yangu kwenye kliniki ya macho ya sukari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nashuka kwenye daladala hapa Moshi. Mlima umejifunika, benchi la nje limeshajaa wazee. Wengine wametoka kwao usiku. Naanza na shikamoo, kisha daftari, kipimo cha sukari na kibao cha herufi E.

Saa mbili, matone ya kupanua mboni. Dakika 20 baadaye mtu hawezi kusoma hata ujumbe kwenye simu, ndiyo maana nawaambia waje na wa kuwashika mkono.

Saa nne anaingia mama muuza ndizi, mwaka wa 14 na sukari. Anaegemeza kidevu kwenye kamera, mwanga unapiga, retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inatokea kwenye skrini. Vidoti vya damu. Vipande vya manjano pembeni mwa kitovu cha kuona. Na vena moja, mshipa wa kurudisha damu, imevimba na kubanana, imevimba na kubanana, kama uzi wa shanga.

"Lakini sista, mbona macho hayaniumi?"

Hayaumi. Neno hilo ndilo linalonichoma mimi, maana ndilo linalowachelewesha watu.

Saa sita nasoma picha, chai imepoa. Kuna jambo dokta wetu alinieleza na halijanitoka. Aisilandi walitengeneza kamera inayopiga retina kwa mwanga wa rangi mbili, wa nanomita 570 na wa 600, ikakadiria oksijeni ndani ya mshipa bila kutoboa chochote. Kwenye jicho lisilo na ugonjwa, damu ya ateri, mshipa wa kuleta damu, huwa imejaa oksijeni kama asilimia 92, ya vena hurudi na kati ya 55 na 60. Nilidhani kwa mwenye sukari vena itarudi tupu zaidi. Kumbe hurudi na oksijeni nyingi zaidi! Vimishipa vidogo vimeziba, damu inakatiza njia za mkato, na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, iliyoshikwa na sukari inang'ang'ania oksijeni yake. Lori la unga limepita barabara kuu na kurudi na mzigo, kijijini watu wana njaa. Retina yenye njaa huita mishipa mipya, na hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Kamera ile hapa hatuna. Zile shanga za vena natosheka nazo kama ishara ya njaa hiyo.

Saa nane ni leza. Mama ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Mtanichoma jicho, mwanangu?"

"Tutachoma pembeni, mama, vidoti vidogo vidogo, ili katikati papone. Kwenu maji ya mgao yakija, si mnafunga bomba la bustani ili jikoni yafike? Zile seli za pembeni zinakula oksijeni nyingi mno."

Anacheka kidogo, anaachia kanga. Vidoti vitapita elfu moja, kwa awamu. Naomba asikatishe. Leza haitamrudishia uoni uliokwisha kupotea, na hilo nimemwambia waziwazi kabla hajakaa kwenye kiti.

Saa kumi binti yake anamshika mkono ngazini, mboni bado pana, jua linamuumiza. Nawapigia simu ambao leo hawakutokea. Wako sita. Wanne wamepokea.