Pixel 6a na Galaxy A54: nani anatutoa vizuri?

Nauza vitenge Kariakoo, na wateja wangu wengi wa mikoani huchagua kwa picha ninazowatumia WhatsApp. Natumia simu mbili: Google Pixel 6a ya 2022 na Samsung Galaxy A54 ya 2023.

Kwa namba, Samsung iko mbali: kamera yake kuu ina megapikseli 50, Pixel ina 12.2. Lakini hebu msimamishe mlangoni dada anayenisaidia dukani, mweusi tii, jua la mchana likiwa mgongoni kwake. Pixel inamtoa na weusi wake wote: mng'ao wa shavu upo, nyusi zinaonekana moja moja, na kitenge cha bluu kinabaki bluu ileile aliyoshika mkononi. Google walianza kushughulikia ngozi kama zetu kwenye Pixel 6 mwaka 2021, wakaiita Real Tone. Nawashukuru kwa dhati, maana tumepigwa picha za masizi miaka mingi mno. A54 humng'arisha zaidi. Picha inavutia, wapo wanaoipenda, ila mimi namtaka yeye kama alivyo.

Usiku nao nachukua Pixel, hasa kwenye sherehe.

Mengine naipa Samsung. Betri ni 5000 mAh dhidi ya 4410, na kwangu mimi ninayeshinda kwenye simu, tofauti hiyo naiona jioni. Tena inapokea kadi ya kumbukumbu, kitu ambacho Pixel haina kabisa. Video zote za mzigo mpya naziweka humo.