Ninavyokagua matufaa yangu Makete kabla ya kushika bomba la dawa

Shamba langu la matufaa liko mteremkoni, Makete. Majirani wengi hupiga dawa kwa kalenda. Mimi nafuata daftari. Kila Jumamosi napita kwenye miti niliyoifunga utepe, michache ya juu na mingi ya bondeni, maana huko majani huchelewa kukauka.

Sianzii kwenye matunda. Nainama kwanza shinani kutafuta sisimizi. Wakipanda na kushuka kwa mstari, ujue huko juu kuna anayewapa utamu, na mara nyingi ni vidukari pamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti. Hawa hujibana kwenye majeraha ya kupogolea, nyufa za magome na machipukizi ya chini, wamejifunika nyuzi nyeupe kama sufi. Mtoto wa kaka yangu alipoanza kunisaidia aliniuliza, "Baba mdogo, huu si ukungu tu?" Nikamwambia aminye. Kidole kikatoka chekundu. Ukungu hauna damu.

Hata hapo sikimbilii bomba. Natoa kioo cha kukuzia. Nikiona vidukari weusi, wakavu, wenye tundu la mviringo mgongoni, najua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani yao wameshafika, na dawa kali itawaua hao wasaidizi. Nafunga kitambaa shinani, napaka grisi juu yake, sisimizi wasipite kuwalinda vidukari.

Upele, ugonjwa wa kuvu unaotia madoa kwenye matufaa, ndio unaonikosesha usingizi wakati wa mvua. Jani likilowa kwa muda wa saa 9 hivi, joto likiwa nyuzi 17 hadi 24, kuvu huweza kupenya. Kwenye nyuzi 10 huhitaji kama saa 14. Kwa hiyo naandika mvua ilianza lini na majani yalikauka lini. Inachosha, lakini ndiyo inayoniambia wapi pa kutafuta madoa ya kijani iliyofifia yanayogeuka meusi, wiki chache baadaye. Majani yaliyopukutika nayafukia, kwa sababu kuvu hujihifadhi humo hadi msimu mwingine.

Ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa kuvu, ni rahisi: ncha za matawi zikipauka unga mweupe, nazikata na kuzitia kwenye mfuko palepale, zisipeperushe vumbi lake.

Msimu huu mstari wa bondeni umeshapata dawa ya upele. Ule wa juu sijaugusa.