Kibaba cha Jumatano ya Majivu

Mwaka 1993 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 24 Februari, na Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, karibu kila nyumba ilikuwa kwenye mfungo. Nilikuwa nimetimiza miaka 18, umri ambao Kanisa Katoliki linaanza kumdai mtu afunge siku hiyo na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na vijilo viwili ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo. Maji ruksa. Niliona ni kidogo mno. Vijana wa Kiislamu niliocheza nao mpira hawakuwa wakimeza hata tone mpaka magharibi, basi nami nikaapa kimoyomoyo: sili, sinywi, mpaka nisikie adhana.

Asubuhi padre akanipaka majivu. "Kumbuka, u mavumbi na mavumbini utarudi." Somo la nabii Yoeli lilitutaka turarue mioyo, si mavazi, Injili ya Mathayo ikasema anayefunga anawe uso, watu wasimtambue. Nilisikia yote. Kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya mzunguko, msalaba mweusi kwenye paji la uso, ili watu wanione.

Kufika saa saba joto la kaskazi lilikuwa limenimaliza. Kichwa kinagonga, ulimi umekauka. Mdogo wangu, mtoto wa miaka saba, akaja mbio na kikombe cha maji, yakanimwagikia miguuni. Nikamzaba kofi. Hakulia palepale, alinitazama kwanza. Nikiikumbuka siku ile, huanza kuyaona macho yale.

Bibi alikuwa uani akipepeta mchele. Hakunikaripia.

"Baba," akaniita, "tumbo umelifunga, mkono hukuufunga."

Nikainamisha kichwa. Akaendelea kupepeta, halafu akauliza, "Chakula chako cha mchana kimekwenda wapi?"

"Sijala, Bibi."

"Najua hujala. Nauliza kimekwenda wapi."

Sikuwa na jibu. Akachukua kibaba, akakijaza mchele, akaufuta juu kwa kiganja ukawa sawasawa, akaumimina kwenye kitambaa na kupiga fundo. "Mchele usioula ukibaki kwenye debe letu, hukufunga. Umeweka akiba." Bibi alikuwa amepita miaka 60, kanuni ya Kanisa haikumdai tena kufunga, lakini alifunga, na kibaba chake kilitoka kila Kwaresima. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Isaya 58, ile sura ya kumgawia mwenye njaa mkate wako, na mpaka leo kila ninapoisikia naona kiganja kile kikifuta mchele.

Akanituma kwa mzee mmoja mwisho wa barabara. Alikuja Tanga ujanani, manamba wa kukata mkonge, akazeekea hapo bila ndugu. Nilimkuta amejilaza mkekani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akanikazia macho pajini. "Leo mmefunga?"

"Tumefunga, babu."

"Mimi sijala tangu jana," akasema taratibu, "ila sijui kama ya kwangu inaitwa kufunga."

Nikawasha jiko la mkaa, nikapika. Mboga haikuwepo, ni chumvi tu. Nilipompakulia akaisogeza sahani katikati yetu, akakataa kugusa mpaka nami nile. Ilikuwa saa kumi. Adhana bado mbali, na kiapo changu ninacho. Nilimtazama yule mzee ameshika mkono juu ya goti, anasubiri, na njaa yake ya siku mbili. Nikatoka nje kunawa mikono. Maji yakiwa bado viganjani, nikanawa na uso. Tukala sahani moja.

Jioni nilimwomba radhi mdogo wangu. Akataka kujua kama bado nimefunga. Nikamwambia ndiyo, nimefunga, na mlo wangu wa leo nimeshaula.

Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba, sikungoja kutumwa. Nilipima kibaba, nikakifuta kwa kiganja, nikafunga fundo. Kule mwisho wa barabara nilikuta mkaa umeshashika.