Nilivyochagua adapta ya Wi-Fi ya laptopu: kilichonisaidia si namba ya kwenye boksi

Wi-Fi ya laptopu yangu ilikuwa ya kasi ndogo, na nilianza na amri mbili za Windows, zinazoandikwa kwenye Command Prompt, kabla ya kutafuta cha kununua. Ya kwanza, netsh wlan show interfaces, niliiendesha nikiwa nimekaa karibu kabisa na ruta. Kasi ya kupokea ilisoma 72, yaani megabiti kwa sekunde (Mbps), na namba zote za kasi hapa ni za kipimo hicho. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa ya Wi-Fi 4 kwa antena moja, masafa ya 2.4 GHz, chaneli ya upana wa 20 MHz. Ya pili, netsh wlan show drivers, huorodhesha viwango ambavyo kadi ya Wi-Fi iliyo ndani ya laptopu inavielewa. Yangu iliishia 802.11n (Wi-Fi 4), bila ac (Wi-Fi 5) wala ax (Wi-Fi 6). Ingesoma 433 ningejua ni antena moja ya Wi-Fi 5. Ikisoma 867 hivi, ni antena mbili, na hapo mara nyingi kadi haina kosa: tatizo litafutwe kwenye ruta au kwenye ukuta uliosimama katikati.

Adapta ya USB, yaani ya kuchomeka nje, ndiyo rahisi, na ndiko maboksi yanakodanganya zaidi. AC1200 maana yake ni 300 za 2.4 GHz kujumlisha 867 za 5 GHz, na laptopu hutumia moja kati ya hizo kwa wakati mmoja. AC600 ni 150 na 433. Halafu ikichomekwa kwenye USB 2.0 inakutana na kikomo cha 480 hata kabla ya hasara za njiani. Ukitaka ya USB, chukua ya USB 3.0, lakini isogeze mbali kidogo na mashine kwa waya wa kurefushia, hata wa nusu mita. USB 3.0 yenyewe hutoa kelele ndani ya masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo adapta iliyobanana na diski ya nje hukatakata na lawama inaishia kwa ruta. Vile vidogo vya ukubwa wa ukucha sivishauri ila kwa dharura. Antena yake haina nafasi, na hupata moto.

Cha kuangalia hasa ni chipu. Adapta yenye jina lile lile huweza kuwa na chipu moja katika toleo la kwanza na nyingine kabisa katika toleo la pili. Kwenye Windows, fungua devmgmt.msc (Device Manager) usome kitambulisho cha kifaa: VID_0BDA ni Realtek, VID_0E8D ni MediaTek. Kwa mtu wa Linux hili ndilo linaloamua kila kitu. Chipu ya MediaTek MT7612U inafanya kazi bila kuongeza draiva (programu ya kuendesha kifaa) kuanzia kerneli, yaani kiini cha Linux, 4.19, na MT7921AU kuanzia 5.18. Chipu nyingi za zamani za Realtek zilihitaji draiva ya kujijengea, na kila kerneli ikisasishwa mtandao unapotea hadi uijenge upya.

Mimi nilienda na kadi ya ndani, kwa sababu tundu la USB linabaki huru na antena za laptopu ziko juu, kuzunguka kioo, palipo pazuri zaidi. Nilifungua kifuniko cha chini kwanza, kabla ya kuagiza. Nilikuwa natafuta mambo matatu. Moja, kadi ya zamani ni ya sloti ndogo ya kisasa iitwayo M.2, saizi 2230, yaani upana mm 22 na urefu mm 30, au ni ile mini PCIe pana ya zamani? Vishikizi vya antena vya hizo mbili havilingani. Pengine kadi imeungwa moja kwa moja kwenye bodi. Ikiwa hivyo, rudi kwenye USB. Mbili, nyaya za antena ni ngapi? Kadi yangu ilitumia waya mmoja mweusi, lakini mweupe ulikuwepo, umefichwa pembeni na kofia ya plastiki kwenye ncha. Bila huo, kadi ya antena mbili ingekuwa hasara tupu.

Tatu ndipo wengi wanapoumia. Kadi za AX201 na AX211 za Intel zinaingia kwenye sloti ile ile kama AX200 na AX210, ila ni za CNVi: sehemu ya kazi yake hufanywa na chipu za Intel zilizo kwenye bodi. Ukiiweka kwenye laptopu yenye prosesa ya AMD, au ya Intel ya zamani, haionekani kabisa, na hakuna draiva itakayoiokoa. Nilichukua AX210, inayotumia PCIe ya kawaida, njia ya mawasiliano isiyotegemea chipu hizo za Intel. Inataka Windows 10 ya biti 64, au Linux yenye kerneli 5.10 kwenda juu. Kwa upande wa Windows, masafa ya 6 GHz yanataka Windows 11. Angalia pia kama BIOS (programu inayoiwasha mashine) ya laptopu yako ina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Baadhi ya laptopu za zamani hugoma kuwaka zikiona kadi ngeni, na hapo hununui ila kadi iliyomo kwenye orodha ya vipuri ya mtengenezaji.

Draiva nilipakua mapema, maana kadi ikitoka intaneti inaondoka nayo. Nikazima mashine kabisa, nikachomoa chaja, kisha plagi ya betri kwenye bodi. Vishikizi vya antena huinuliwa kwa ukucha wima kwenda juu, kamwe usivute waya. Skrubu ni moja. Ikitoka, kadi inajiinua yenyewe kimshazari. Kuzirudisha nyaya ndiyo kazi: kaza kadi kwanza, weka kishikizi juu ya kitako chake mpaka uhisi kimekaa katikati, ndipo ukandamize kwa ncha ya kidole hadi kilie. Kikiingia upande, kile kiduara kinapinda, na dalili yake ni mtandao kuonekana vizuri mezani na kupotea chumba cha pili.

Nilirudia amri ya kwanza: 866.7. AX210 inaweza 2402 kwenye chaneli ya 160 MHz, ila ruta yangu ni ya Wi-Fi 5 yenye 80 MHz. Kilichobaki kilikuwa kuondoa alama, katika sifa za kadi, kwenye ruhusa ya Windows kuizima ili kutunza umeme. Ikiachwa, laptopu huamka usingizini bila Wi-Fi.