Taima 1 ya Arduino Uno inapogoma kuhesabu

Umepanga taima 1 ya ATmega328P (chipu kuu ya bodi ya Arduino Uno) iwashe taa kila sekunde, nayo imegoma. Kagua kwanza kwenye msimbo wako alama ya |=, inayoweka biti mpya bila kufuta zilizokuwepo. Msimbo wa Arduino wenyewe huiandaa taima hiyo kabla ya setup() yako kuanza, ukiacha CS11 na CS10 (biti za kuchagua chanzo na kasi ya mapigo ya taima) zikiwa 1. Ukiongeza CS12 kwa |=, biti zote tatu huwa 1, na taima hubaki kungoja mapigo kutoka pini 5. Ndiyo maana wakati mwingine huhesabu ukigusa waya wa pini hiyo!

Futa kwanza rejista za kuiongoza taima: andika TCCR1A = 0; TCCR1B = 0; halafu weka kikomo cha kuhesabu, OCR1A = 62499; (si 62500, hesabu huanzia sifuri), kisha TCCR1B = (1<<WGM12)|(1<<CS12); yaani WGM12 huirudisha taima sifuri ikifika kikomo, na CS12 huipa MHz 16 kugawa kwa 256, mapigo 62500 kwa sekunde. Bodi ikijiwasha upya kila mara, huenda umewasha OCIE1A (biti ya kuruhusu taima ikatize programu ikifika kikomo) bila kuandika ISR(TIMER1_COMPA_vect), yaani kazi ya kushughulikia mkatizo huo.