Mimba ya pili na chupa ya vitamini D

Mwanangu wa kwanza alianza kupiga filimbi kifuani akiwa na miezi minane. Usiku mmoja nilimfunua shati nikaona ngozi chini ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta pumzi. Nilipopata mimba ya pili nilikuwa na nia moja tu: huyu asipitie yale.

Katika kusomasoma nikakutana na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016. Wajawazito ambao wao au baba wa mtoto wana historia ya pumu au mzio waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa yuniti 4,400 za vitamini D kwa siku, jingine 400. Kufikia umri wa miaka mitatu, asilimia 24 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamepata pumu au filimbi za kujirudia, dhidi ya 30 kwa kundi la pili. Nikanunua chupa siku hiyohiyo.

Kwenye chupa paliandikwa mikrogramu 25 kwa kidonge. Nikaona 25 ni kidogo sana mbele ya 400, nikawa nameza vinne. Siku tisa nzima.

Kliniki, mkunga akaniuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia nyumbani?" Nikaitoa chupa mkobani. Akaigeuza kwenye mwanga, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hiyo 25 ni 1,000. Mara nne. Akajumlisha na 400 zilizomo kwenye multivitamini niliyopewa pale pale. 4,400, wakati kikomo cha kujimezea bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba vitamini D ikizidi mno hupandisha kalsiamu kwenye damu, na wale wa utafiti walikuwa chini ya uangalizi.

Daktari ndiye aliyenipa habari iliyoniuma. Watoto walewale walipofuatiliwa hadi miaka sita, tofauti ya pumu haikuonekana tena. Nilikaa kimya kwenye kiti. Nilitaka kinga ya uhakika, na haikuwepo.

Tukapima damu. Nanogramu 17 kwa mililita, chini ya 20, upungufu wa kweli. Hapo vitamini ikawa na kazi yake halali: mifupa yangu na ya mtoto. Niliandikiwa kidonge kimoja kwa siku, nikakimeza baada ya mlo mkubwa kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta. Nguvu iliyobaki niliielekeza kwenye moshi. Mume wangu aliacha sigara nikiwa na miezi mitano. Lile lilikuwa gumu kuliko vidonge vyote, na namshukuru hadi leo.

Binti yetu ana miaka miwili sasa. Amepiga filimbi mara moja, alipopata mafua makali, na safari hii nilijua pa kutazama: chini ya mbavu. Zilikuwa zimetulia.